Nganda ya kando ya mto na majina yake

 

Mazungumzo ya leo ni juu ya nyumba ya pombe. Najua wachungaji wawili watatu wamekwisha kunikunjia uso. Musifunge redio, wapendwa. Sikuja kusifu chupa. Nimekuja kuwaeleza historia ya nyumba moja iliyo mbali na sisi, London, katika nchi ya Uingereza, kwa sababu tukianza moja kwa moja na mambo ya hapa kwetu, kila mmoja anauliza kwanza: huyu anayesema ni wa kabila gani? Masikio yanafungwa kabla ya neno la tatu. Basi twende mbali kidogo.

Mji wa London uko kando ya mto Thames. Upande wa mashariki, ukipita ngome ya zamani inayoitwa Tower, unafika mtaa wa Wapping. Hapo kuna nyumba nyembamba, ndefu, iliyosimama kati ya barabara na mto. Pembeni mwake kuna kichochoro, na mwisho wa kichochoro kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka ndani ya maji. Ngazi hizo zinaitwa Wapping Old Stairs. Mto Thames hauko kama mito yetu. Kwa kuwa bahari iko karibu, maji yake hupanda na kushuka mara mbili kila siku, mita tano, sita, wakati mwingine zaidi. Maji yakijaa, ngazi zinamezwa. Yakishuka, unaweza kutembea chini kwenye changarawe. Zamani hapakuwa na madaraja mengi, na watu walipita kwa mitumbwi kama vile wenzetu wa Kisangani wanavyovuka. Kwa hiyo penye ngazi palikuwa na watu, na penye watu mtu alifungua nyumba ya pombe.

Kwa Kilingala tuko na neno nganda. Leo watu wanafikiri nganda ni baa ya Kinshasa yenye viti na muziki. Lakini wazee wa mtoni wanajua kwamba zamani nganda ilikuwa kambi ya wavuvi kando ya maji: mahali pa kukausha samaki, kupumzika na kuulizana habari. Nyumba ya Wapping ilikuwa nganda kwa maana zote mbili.

Wenyeji wanasimulia kwamba jina lake la zamani lilikuwa Red Cow, ndiyo kusema Ng'ombe Mwekundu. Musishangae. Mwaka wa 1393 mfalme Richard wa Pili aliwaamuru wauza pombe wa London watundike alama mbele ya nyumba, ili wakaguzi wa pombe wajue pa kuingia. Watu wengi hawakujua kusoma, basi alama ikawa picha: simba, taji, jogoo, ng'ombe. Mtu hakuuliza namba ya nyumba. Aliuliza, kwa Ng'ombe Mwekundu ni wapi?

Kufika mwaka wa 1766 nyumba inaitwa Ramsgate Old Town, Mji wa Kale wa Ramsgate. Kufika mwaka wa 1811 inaitwa Town of Ramsgate, Mji wa Ramsgate, na ndilo jina iliyo nalo hata sasa. Ramsgate ni wapi? Si London. Ni mji wa wavuvi katika jimbo la Kent, kule pwani, zaidi ya kilometa mia moja. Wavuvi wa huko walikuwa wakipandisha samaki wao mtoni, na kwa desturi walishukia kwenye ngazi hizi. Walikuwa wageni. Walikuja na maji yaliyojaa, wakauza, wakanywa, wakalala, wakarudi na maji yaliyoshuka. Walikuja mara nyingi hata wenyeji wakaipa nyumba yao jina la mji wa wageni. Hakuna aliyepoteza kiwanja chake kwa sababu hiyo.

Hapo nataka kusimama kidogo, kwa sababu nilisoma sheria na jambo hili linanigusa. Tangu mwaka wa 1552, Uingereza ilikuwa na sheria kwamba mtu hawezi kuuza pombe bila ruhusa ya waamuzi wawili wa amani. Sisi pia tuko na tribinali ya amani, jina linafanana. Ruhusa hiyo alipewa mtu mwenye kuendesha nyumba, naye aliweka ahadi mbele ya waamuzi kwamba nyumba yake itakuwa na utaratibu. Jina la mlangoni lilikuwa jambo lingine. Ubao ungeweza kubadilika leo na kesho, lakini haki na wajibu vilibaki kwa mtu aliyejulikana na majirani, mahali panapojulikana kwa kichochoro na ngazi zake.

Nazungumza hivi kwa sababu katika kambi nimesikia mara nyingi hofu hii: tumetoka kwetu, waliobaki wamekipa kijiji jina lingine, basi hatuna pa kurudi. Sisi Wakongo tunajua majina yanavyobadilishwa. Mwaka wa 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville ikawa Kalemie. Mwaka wa 1971 nchi na mto vikaitwa Zaire. Mwaka wa 1997 tukarudi Kongo. Je, mwenye kuwa na nyumba Stanleyville alipoteza nyumba yake siku ile ilipoitwa Kisangani? Hapana. Hati yake iliendelea kuwa hati. Jina jipya la mahali, peke yake, halifuti haki ya mtu. Linalofuta haki ni mtu kufukuzwa na kukosa ushahidi. Kwa hiyo andikeni. Kama hakuna karatasi ya serikali, andikeni katika daftari ya mtoto wa shule: jina la zamani na jina jipya yote mawili, kijito, mti mkubwa, kaburi la babu, jirani wa juu na jirani wa chini, hata kama jirani huyo ni wa kabila ambalo leo munaogopana nalo. Huyo hasa. Ushahidi wa mtu asiye ndugu yako una uzito mbele ya mwamuzi.

Sasa turudi Wapping, kwa sababu sijafika bado kwenye siku iliyoifanya nyumba hii ijulikane.

Mwaka wa 1685 Uingereza ilipata mfalme mpya, James wa Pili, mkatoliki katika nchi ambayo wengi walikuwa waprotestanti. Mwezi wa sita mpwa wake, mtemi wa Monmouth, alishuka pwani ya magharibi akakusanya wakulima na mafundi wa nguo ili kunyang'anya ufalme. Tarehe 6 Julai walipigwa pale Sedgemoor. Waliobaki walitawanyika vichakani na mashambani. Ndipo mfalme alipotuma waamuzi, na mkubwa wao alikuwa George Jeffreys, mtu mwenye akili kali na mdomo mkali zaidi. Katika majuma machache watu karibu 300 waliuawa, na wengine zaidi ya 800 walipelekwa visiwa vya ng'ambo, kama Barbados, kufanya kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya miwa. Aliwatukana washitakiwa. Aliwatisha mashahidi. Baada ya kazi hiyo mfalme alimpandisha cheo, akawa mkubwa wa waamuzi wote wa ufalme.

Kati ya waliohukumiwa alikuwa bikizee mjane wa karibu miaka 70, jina lake Alice Lisle. Kosa lake? Usiku mmoja alifungua mlango wa nyumba yake kwa wakimbizi wawili wa vita ile, mmoja mchungaji, mwingine mwanasheria. Wamama munaonisikiliza, ninyi muliofungulia mlango watu ambao hamkuwajua, na ninyi muliofunguliwa, munaelewa vizuri. Wazee wa baraza la hukumu walisita kumwona na hatia. Jeffreys aliwakemea mpaka wakakubali. Alimhukumu kuchomwa moto, mfalme akabadili iwe kukatwa kichwa, na tarehe 2 Septemba 1685 ikafanyika mjini Winchester. Mwanasheria yeyote akisoma kesi hii anaona mara moja kasoro yake: mama huyu alihukumiwa kwa kumficha mhaini, na huyo anayeitwa mhaini, yule mchungaji, mwenyewe alikuwa hajahukumiwa bado.

Miaka mitatu ikapita. Mwezi wa 11 mwaka wa 1688 William wa Orange, mkwe wa mfalme, alitoka Uholanzi na jeshi. Watu wakamwacha James. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba mfalme alitoroka, na alipokuwa akivuka Thames kwa mtumbwi alitupa mtoni muhuri mkubwa wa serikali, ili asiwepo wa kutia sahihi sheria wala kuita bunge. Inasimuliwa kwamba baadaye mvuvi aliunasa katika wavu wake. Mkubwa wa jeshi naye akawaaga askari wote: nendeni. Hawakunyang'anywa silaha, hawakulipwa mshahara. Wapendwa, nikisoma maneno haya katika vitabu vya Waingereza naona kama nasoma habari za kwetu. Mfalme hayuko, muhuri hauko, na askari wenye njaa wako barabarani na bunduki zao.

Jeffreys aliona kwamba siku zake zimekwisha. Alinyoa nyusi zake, akavaa nguo za baharia wa merikebu ya makaa, akaenda Wapping kutafuta njia ya kuvuka bahari. Merikebu ilikuwa tayari. Lakini tarehe 12 Desemba alikuwa ndani ya nyumba ya pombe kando ya mto, na wenyeji husimulia kwamba ni hii yetu, wakati ule ikiitwa Ng'ombe Mwekundu. Akapita mtu wa kazi ya kuandika mikataba. Mtu huyo zamani alikuwa amesimama mbele ya Jeffreys katika kesi ya deni, na mwamuzi alimngurumia vibaya hata alipotoka alisema uso ule hatausahau mpaka kufa. Sasa akatazama ndani, na uso ni ule ule. Nyusi hazipo, lakini macho ni yale yale.

Habari ilienea Wapping kwa dakika chache. Nyumba ikazungukwa na mamia ya watu wenye marungu. Ninawaomba wakubwa wa mitaa wasikilize hapa, kwa sababu tumeyaona haya mara nyingi: mtu anayechukiwa amekamatwa, hakuna serikali, kila mmoja ana sababu yake, na mto uko hatua kumi chini ya ngazi. Lingekuwa jambo la dakika tano. Katika miji yetu wamekufa hivyo watu wengi, wengine bila kosa lolote, kwa sababu tu mtu mmoja alinyosha kidole akasema, ni yeye.

Hawakumwua. Askari wa raia wa mji, si wa mfalme, walifika na kumzunguka. Wakampeleka kwa meya, naye Jeffreys mwenyewe akaomba apelekwe Tower, gerezani, kwa kuwa gerezani palikuwa salama kuliko barabarani. Vikosi viwili vilimsindikiza katikati ya umati uliokuwa ukimwonyesha mijeledi na kamba. Mtu aliyedharau utaratibu wa sheria kuliko wote katika ufalme aliokolewa na utaratibu huo. Kuna watakaosema hakustahili. Sikatai. Lakini umati ule ungemwua nani tena kesho yake, baada ya kuonja?

Na jibu tunalo karibu, kwa sababu usiku ule ule wa tarehe 12 ulizuka uvumi mkubwa London. Watu walipiga mbio mlango kwa mlango: askari wa Ireland walioachishwa kazi wanakuja, wanachoma nyumba, wanachinja watoto! Ngoma zikapigwa, mishumaa ikawashwa kila dirishani, maelfu ya wanaume wakatoka na silaha. Wakasimama mpaka asubuhi. Hakuna aliyekuja. Askari wale wa Ireland walikuwa wanatangatanga nchini, wenye njaa na wenye hofu kuliko wao. Uvumi huo ulisafiri wilaya kwa wilaya kwa siku kadhaa, kila mahali ukisema kijiji cha jirani kimekwisha kuchomwa, na ukienda kijiji cha jirani unakuta wao wameambiwa ni chako kilichochomwa. Siku hizo hapakuwa na redio wala simu. Fikirini sasa tulizo nazo.

Jeffreys alikufa ndani ya Tower tarehe 18 Aprili 1689, kwa ugonjwa, bila kuhukumiwa. Inasimuliwa kwamba alijitetea kwa kusema alifanya alivyoagizwa na mfalme. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hasara kubwa. Wajane wa magharibi walitakiwa wamsikie akiulizwa, jina kwa jina, na akijibu. Kifo chake kiliwanyima hayo.

Lakini kazi nyingine ilifanyika, na hiyo si ya mto wala ya kamba. Mwaka huo wa 1689 bunge lilitoa tangazo la haki: mfalme asisimamishe sheria kwa utashi wake, dhamana isizidi kipimo, adhabu za kikatili zikatazwe. Mwaka wa 1701 sheria nyingine iliweka kwamba mwamuzi akae katika kazi yake kwa mwenendo mwema, si kwa kupendeza mkubwa, na asiondolewe ila kwa ombi la mabaraza yote mawili ya bunge. Sisi tuko na maneno ya ukoo huo katika Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 150: mwamuzi katika kazi yake yuko chini ya mamlaka ya sheria peke yake. Nikisoma kifungu hicho kambini watu wanacheka, na ninajua kwa nini wanacheka. Waingereza wa mwaka 1689 nao wangeweza kucheka. Wakatoliki waliachwa nje ya uhuru ule mpya, na kule Ireland ilifuata vita. Pale pale Wapping, karibu na ngazi zetu, maharamia waliendelea kunyongwa kwenye maji yanapofika. Nahodha Kidd alinyongwa hapo mwaka ule ule wa 1701, na mambo hayo hayakwisha mpaka 1830. Sheria nzuri ilitembea polepole, tena kwa kuchechemea.

Na ile nyumba? Ilibadilisha jina kwa ajili ya wavuvi, kama nilivyowaambia. Mwaka wa 1805 ilifunguliwa bandari kubwa nyuma yake, na ili kuichimba nyumba nyingi za Wapping zilibomolewa, wakaaji wakatafuta pa kwenda. Mabohari marefu ya matofali yakajengwa pande zote. Bandari hiyo ikafungwa mwaka wa 1969, kazi ya mabawabu na wapakuzi ikaisha, na mabohari yakageuzwa kuwa nyumba za watu wenye pesa. Wavuvi wa Ramsgate hawaji tena. Jina lao limebaki mlangoni, na ngazi ziko, zenye utelezi wa majani ya maji.

Bado jambo moja juu ya yule bikizee. Binti zake wawili hawakunyamaza. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa, shamba limechukuliwa, na mwamuzi aliyemhukumu alikuwa mkubwa kuliko wote. Walingoja. Utawala ulipobadilika hawakuridhika na kuambiwa kwamba sasa mambo ni mapya. Walipeleka ombi bungeni, na mwaka wa 1689 bunge likafuta hukumu, likiandika kwamba ilipatikana kwa vitisho na nguvu za Jeffreys, na kwamba yule mchungaji alikuwa hajahukumiwa. Karibu miaka mia mbili baadaye mchoraji E. M. Ward alichora picha yake akiwaficha wakimbizi wawili, ikawekwa ukutani katika ukumbi wa kupitia wa baraza la wabunge. Wabunge wanaopitia ukumbi huo wakienda kutunga sheria wanapita mbele yake.

 Wale wanaosoma karatasi hii, muwasomee wasiojua kusoma, tena polepole. Tubaki na amani.